Santuri Mbili Kwenye Theluji

"Kwa hivyo wanakulipa ukae tu?"

Mama aliniuliza hivyo siku ya kumi na moja, na hadi leo sijampa jibu la maana. Nilikuwa Uswisi, jimbo la Valais, kwenye nyumba ya mbao mlimani. Ilikuwa Januari. Theluji ilikuwa imepanda hadi kwenye dirisha, na chumbani mlikuwa na meza, kitanda, jiko la kuni na mimi. Kila mchana supu na mkate vilikuwa tayari jikoni. Hakuna aliyeniuliza nimeandika kurasa ngapi.

"Wananipa nafasi niandike, Mama."

"Na hapa Kayole hakuna nafasi?"

"Nafasi iko. Kunyamaza ndio hakuna."

Akacheka kile kicheko chake cha kusema haya, wewe ndio unajua. "Sawa. Kula vizuri. Na uvae soksi mbili."

Sisi wasanii tunaiita rezidensi. Unaandika barua ya maombi, unangoja miezi, unapambana na watu wa viza, na ukibahatika unapewa nyumba, chakula na muda ufanye kazi yako. Tulikuwa watano pale, kila mtu na mlango wake. Mimi nilikuwa nimeenda kumaliza riwaya kuhusu Baba. Alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, miaka 26, na alifariki kabla sijawahi kuchapisha hata aya moja. Nilikuwa na kurasa 140 za Kiingereza. Zilikuwa safi. Shida ni kwamba kila Baba alipofungua mdomo kwenye hizo kurasa, aliongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Hakunuka dizeli. Hakutukana mtu. Nilimsoma na sikumjua.

Siku hiyo baada ya simu nilienda kwenye kabati la vitabu la ile nyumba kutafuta kisingizio cha kutoandika. Nikatoa kitabu cha insha cha James Baldwin cha mwaka wa 1955, Notes of a Native Son. Insha ya mwisho mle ndani, "Stranger in the Village", nilikuwa nimeisoma chuoni, harakaharaka, juu kulikuwa na mtihani. Nilikumbuka kijiji, theluji na watoto. Kitu ambacho sikuwa nimewahi kujali ni kijiji kilikuwa wapi. Sasa nikafungua ramani kwenye simu. Kilikuwa Leukerbad, jimbo hilohilo la Valais, mwendo wa treni na basi kutoka mahali nilipoketi nikiwa na soksi mbili.

*

Kabla sijafika kwa Baldwin, wacha nijaribu kumjibu Mama kidogo.

Kumlipa msanii akae si jambo la jana. Mwaka wa 1907, Marian MacDowell, mpiga piano, na mumewe Edward, mtunzi wa muziki, walianzisha makazi ya wasanii kwenye shamba lao huko Peterborough, New Hampshire, Marekani. Walijenga vibanda vya kazi vilivyotawanyika msituni, kila mmoja mbali na mwenzake. Chakula cha mchana huletwa kwenye kikapu na kuachwa mlangoni, ili mtu asikatizwe. Ukimaliza muda wako unaandika jina lako kwenye ubao wa kile kibanda. Mbao hizo zimejaa majina, na jina la Baldwin mwenyewe ni mojawapo, maana baadaye, miaka ya 1950, alienda kukaa huko pia.

Halafu kuna Provincetown, mji wa wavuvi na watalii kwenye ncha ya Cape Cod, Massachusetts. Wakati wa joto huko kodi ya nyumba haishikiki. Baridi ikiingia watalii wanaondoka na mji unabaki na upepo. Mwaka wa 1968 kundi la wasanii na waandishi, akiwemo mshairi Stanley Kunitz na mchoraji Robert Motherwell, walianzisha kituo cha kuwapa wasanii chipukizi makao kuanzia Oktoba hadi baridi iishe. Hesabu yake ni rahisi. Fikiria Diani mwezi wa Mei, mvua inanyesha, hoteli ziko wazi, na meneja yuko tayari kukusikiliza. Sehemu kubwa ya hizi rezidensi za majira ya baridi inasimama juu ya hesabu hiyo. Mwenye nyumba hayupo, nyumba ipo, na msanii hana pesa.

Baldwin aliingia milimani kwa mlango huohuo, ila bila barua ya maombi. Kwake ilikuwa nyumba ya familia ya mtu aliyempenda.

*

Alizaliwa Harlem, New York, mwaka wa 1924, kifungua mimba katika nyumba ya watoto tisa. Mume wa mama yake, David Baldwin, alikuwa mhubiri, mtu mkali, mwenye hasira na dunia ya Wazungu na hasira na watu wa nyumbani kwake pia. James mwenyewe alihubiri kanisani akiwa na miaka 14, kisha akaliacha kanisa na nyumba ya baba. David alifariki mwaka wa 1943. Siku ya mazishi ilikuwa siku ile James alipotimiza miaka 19.

Tangu ujana huo alikuwa akijaribu kuandika riwaya kuhusu kijana wa Harlem, kanisa na baba mhubiri. Haikukubali. Mwaka wa 1948 alipanda ndege kwenda Paris na dola 40 na ushee mfukoni, kwa sababu aliona Marekani ingemuua au yeye angeua mtu. Paris nayo haikuwa mteremko. Desemba ya 1949 alikamatwa kwa ajili ya shuka ya hoteli ambayo mtu aliyemfahamu alikuwa ameichukua, akala Krismasi gerezani. Mswada ulikuwa unamfuata kila chumba alichohamia, na kila chumba alikuwa na deni.

Lucien Happersberger alikuwa kijana wa Kiswisi aliyekutana naye Paris mwaka wa 1949. Familia yake ilikuwa na nyumba ndogo ya mbao huko Leukerbad. Alipoona Baldwin anaenda kuvunjika, alimpeleka huko. Mara ya kwanza ilikuwa kiangazi cha 1951, kwa wiki mbili, na Baldwin aliondoka akiwa hana nia ya kurudi. Baridi ilipofika akarudi. Kijiji kilikuwa na bei nafuu na hakikuwa na cha kumvuruga mtu. Siku hizo ulifika kwa reli ndogo ya meno iliyopanda mlima kutoka Leuk, mji ulio chini bondeni. Reli hiyo ilijengwa mwaka wa 1915 na ikafungwa mwaka wa 1967.

Alichokikuta amekieleza mwenyewe. Watu 600 hivi, karibu wote Wakatoliki. Hakuna sinema, hakuna benki, hakuna maktaba. Magari mawili. Redio za kuhesabu. Taipureta ilikuwa moja tu, na ilikuwa yake. Watu walishangaa kuiona. Kilichowaleta wageni huko ni maji ya moto yanayotoka ardhini, ambayo wagonjwa wa viungo walikuja kuoga.

Na kwa kadiri alivyoweza kujua, hakuna mtu mweusi aliyewahi kukanyaga hapo kabla yake. Watoto walimfuata barabarani wakimwita kwa neno la Kijerumani la kumtaja mtu mweusi, wakipiga kelele kwa furaha. Waliokuwa na moyo waligusa nywele zake polepole, kama mtu anayeogopa kupigwa na stima. Wengine walisugua mkono wake waone kama rangi itatoka. Mtu mmoja alimshauri azifuge nywele zishonwe koti la baridi. Baldwin anasema wazi kwamba watoto hawakuwa na ubaya, na anasema wazi pia kwamba hilo halikumpunguzia kitu. Walimshangaa, lakini hawakumwona kama mtu. Na nyuma ya mgongo wake kulikuwa na watu wazima waliosema kwamba anaiba kuni.

Kuna jambo moja dogo katika insha hiyo ambalo mimi kama Mkenya lilinisimamisha. Aliwaambia ametoka Marekani, na hawakuamini kabisa. Kwa akili yao mtu mweusi anatoka Afrika, basi. Huyu jamaa wa Harlem, ambaye babu zake walizikwa katika udongo wa Marekani, alifanywa Mwafrika na kijiji cha theluji. Na mimi, Mwafrika wa kweli mwenye pasipoti ya kuonyesha, nilikuwa nimekaa milima ile ile nikijitahidi kumfanya baba yangu aongee kama mtu wa London.

*

Sasa sikia habari ya sanduku.

Kabla ya Kwaresima kulikuwa na sherehe za kanivali kijijini. Ilikuwa desturi kwamba watoto wawili wanapakwa nyuso rangi nyeusi, wanavishwa nywele bandia za manyoya ya farasi, halafu wanapita wakiomba pesa kwa ajili ya wamisionari walioko Afrika. Pesa hizo, kwa maneno ya watu wa pale, zilikuwa za "kununua" Waafrika, yaani kuwaleta katika Ukristo. Mke wa mwenye baa alimweleza Baldwin, kwa fahari na uso wa kirafiki, kwamba mwaka uliopita kijiji kilikuwa kimenunua sita au wanane. Baldwin alitabasamu na kuonyesha kushangaa na kufurahi, kama ilivyotarajiwa.

Nilifunga kitabu nikatoka nje, na nilisahau jaketi.

Tuweke hesabu ya miaka sawa. Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huku kwetu hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Shosho yangu alikuwa msichana katika shule ya misheni wakati huo. Alipewa gauni na jina la mtakatifu ambalo alikufa nalo. Sina namna ya kujua kama kuna senti hata moja ya Leukerbad iliyofika kwake, na pengine hakuna. Lakini sanduku lilikuwa upande ule na Shosho alikuwa upande huu, na mahali fulani katikati kulikuwa na mtu wa kuandika hesabu. Sita. Wanane.

Halafu nikakumbuka fomu yangu. Kati ya karatasi nilizojaza kabla ya kusafiri kulikuwa na swali lililouliza jinsi ukaaji wangu utakavyowafaidi wasanii wa bara langu. Wenzangu wa Ulaya niliokula nao supu hawakuulizwa kuhusu bara lao, niliwauliza. Nami nililijibu vizuri sana hilo swali, kwa Kiingereza safi, kwa sababu nilitaka kwenda. Sisemi supu ilikuwa ya sumu. Ilikuwa tamu, na mpishi alikuwa mtu mwema aliyenifundisha kuvaa buti bila kuteleza. Ninachosema ni kwamba swali la Mama lilikuwa zito kuliko nilivyolichukua. Anayekulipa ukae huwa ana picha yako kichwani mwake, na wewe unaanza kukaa vile picha inakaa.

Baldwin hakukasirika akaondoka. Hilo ndilo linanishangaza kila nikisoma. Alibaki, akawa anawapungia watoto mkono na usiku anaandika. Kutokana na baridi hiyo tulipata insha ambayo Harper's iliichapisha Oktoba 1953, na ambayo inaishia kwa kuwaambia wasomaji wake weupe kwamba zile siku za dunia kuwa yao peke yao zimepita na hazirudi. Lakini insha ndiyo iliyokuja baadaye. Kazi iliyompeleka mlimani ilikuwa ile riwaya.

*

Mizigo yake ilikuwa na taipureta na santuri mbili za Bessie Smith.

Bessie Smith alikuwa malkia wa blues, mwanamke wa Tennessee aliyefariki mwaka wa 1937. Ungedhani kijana wa Harlem alikuwa amekulia kwenye sauti hiyo na anaibeba kama kumbukumbu ya nyumbani. La. Baldwin alikiri baadaye kwamba akiwa Marekani hakuwa akimsikiliza Bessie Smith kabisa, kama vile alivyokuwa hagusi tikiti maji. Vyote viwili vilikuwa karibu mno na picha ambayo Wazungu walikuwa nayo kuhusu mtu mweusi. Alikuwa amejifunza Kiingereza cha vitabu hadi kikamkaa, na akaizika ile lugha aliyoongea akiwa mtoto, jikoni na kanisani, kwa sababu aliionea aibu.

Hapo ndipo riwaya ilikuwa imekwama. Huwezi kuandika kuhusu baba mhubiri wa Harlem kwa sauti ambayo yule baba asingeitambua.

Kule Leukerbad hakukuwa na Mzungu wa Marekani wa kumcheka kwa kupenda tikiti maji. Wanakijiji walikuwa na mambo yao, lakini utani ule hawakuujua. Kwa hiyo aliweka santuri, akasikiliza, akairudia. Anasema alimfuata Bessie kwenye mapigo na kwenye namna alivyolivuta neno, hadi akaanza kukumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiongea, na vitu alivyosikia na kuona na kuhisi utotoni. Baada ya miezi mitatu hivi riwaya iliyomshinda karibu miaka kumi ilikuwa imekwisha. Mwishoni mwa Februari 1952 aliituma New York. Ilitoka mwaka wa 1953 kwa jina la Go Tell It on the Mountain.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kama sifa ya utulivu: mpe msanii mlima na kuni, atazaa. Mimi nadhani hiyo ni nusu yake, tena nusu ndogo. Paris pia alikuwa mbali na nyumbani. Alichokosa Paris ni ile sauti, na theluji peke yake isingempa. Alilazimika kuibeba mwenyewe, ndani ya sanduku, akiwa bado anaionea haya.

*

Jumamosi moja nilienda Leukerbad. Unashuka treni Leuk, unapanda basi, basi linajikunja kwenye kona za mlima hadi masikio yanaziba. Halafu kijiji kinatokea kama bakuli, kikuta cha mwamba kimesimama nyuma yake wima, mita mia kadhaa. Uko mita 1,400 na kitu juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi, ila Nairobi haikufanyii hivyo masikio.

Siku hizi pamejaa hoteli. Watu wanatembea barabarani na nguo za kuogea chini ya makoti, na mvuke unapanda kutoka kwenye mabwawa ya nje wakati theluji inaangukia vichwa vya waogaji. Maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 51. Tangu miaka ya 1990 kuna tamasha la fasihi hapo kila mwaka, kwa hiyo mahali pasipokuwa na maktaba sasa panaalika waandishi. Sikuitafuta nyumba ya akina Lucien. Niliagiza chokoleti moto, na msichana aliyeniletea hakuniangalia mara mbili. Mzee mmoja kwenye meza ya pembeni aliniangalia mara nne.

Mwandishi Teju Cole, aliyekulia Lagos, alipita huku kabla yangu na akaandika kuhusu safari hiyo mwaka wa 2014. Alibishana na Baldwin kwa heshima juu ya jambo moja. Baldwin aliona kwamba hata mkulima asiyesoma wa kijiji kile alikuwa na udugu na Dante, Shakespeare na kanisa kuu la Chartres kwa namna ambayo yeye hakuwa nao; akirudi nyuma karne chache anajikuta Afrika, akitazama washindi wakifika. Cole alikataa. Yeye anamchukua Bach kama wake, na sanamu za Afrika anaziweka kwenye kimo hichohicho, bila kuomba ruhusa.

Niko na Cole kwa hilo. Lakini nikiwa na kikombe changu niliona kwamba shida yangu haikuwa Shakespeare. Shakespeare nilimmiliki kitambo. Nilimwimba darasani hadi nikapewa zawadi. Kilichokuwa mbali nami ni Mariakani.

*

Kuna mwenzetu ambaye kisa chake kinanizuia nisiifanye rezidensi kuwa uchawi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Petals of Blood kwa miaka mitano, kuanzia 1970, akiwa Evanston huko Marekani, kisha Limuru, na akaimaliza Yalta, kando ya Bahari Nyeusi, Oktoba 1975. Chama cha Waandishi wa Kisovieti kilimpa nyumba ya kuandikia. Kwa maneno mengine, ilikuwa rezidensi. Ikampa mwisho wa riwaya yake ya mwisho ya Kiingereza.

Mwaka wa 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mirii walitoa mchezo wa Kigĩkũyũ na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Serikali ikauzima. Desemba ya mwaka huo Ngũgĩ akatiwa kizuizini, akalala Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi. Huko ndani, kwenye karatasi ya choo, akaandika Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kigĩkũyũ. Yalta ilikuwa na bahari na ukarimu. Kamiti ilikuwa na askari na karatasi ngumu. Lugha ya mama yake ilimrudia kazini kupitia watu wa Kamĩrĩĩthũ, walioketi naye wakamsahihisha mistari, na jela ikakuta tayari anayo masikioni.

*

Wacha nikwambie nilichokuwa naogopa.

Shule yangu ya msingi ilikuwa na diski, kibao cha mbao chenye kamba. Ukishikwa ukiongea Kiswahili siku ya Kiingereza unavishwa shingoni, na ukitoka nayo jioni unachapwa. Nilijifunza haraka. Darasa la sita Baba alikuja siku ya wazazi moja kwa moja kutoka safari, ovaroli mwilini, trela ameliacha kando ya barabara. Wazazi wengine walikuwa na suti na Kiingereza. Baba akamshika mwalimu mkono, akauliza kwa sauti ya kushindana na injini: "Mwalimu, huyu mtoi anabeba mzigo ama anabeba hewa?"

Trela likirudi Mombasa tupu, madereva wanasema limebeba hewa. Mwalimu alicheka hadi akatoa leso. Darasa zima likacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwenye ukurasa wa 31 wa ule mswada wangu Baba anafika shuleni na kuuliza, kwa Kiingereza kilichonyooka, kama maendeleo ya mwanawe yanaridhisha.

Niliporudi kutoka Leukerbad nilimtumia Mama ujumbe: Unakumbuka vile Baba alikuwa anaongea? Nitumie sauti. Chochote. Nilidhani atatuma kimoja. Alituma kumi na saba. Alirekodi akipika, nasikia sufuria. Alirekodi ndani ya matatu, nasikia makanga akiita abiria. Na akamwiga. Sikujua kwamba Mama anaweza kumwiga. Alimtoa mzima: jinsi alivyosalimia polisi wa Mlolongo, jinsi alivyonong'ona akikaribia mizani ya Mariakani kama mtu anayeingia kanisani, jinsi alivyopita na kile chuma chake akigonga tairi moja baada ya nyingine kabla ya safari. "Gonga kwanza," alikuwa anamwambia tanboi wake. "Usiniambie iko sawa. Gonga, uskie vile inalia."

Nilikaa kando ya jiko la kuni na simu sikioni. Kuni ziliisha, sikuona. Kesho yake nikafungua ukurasa mpya, nikaanza upya kwa Kiswahili, kile cha barabarani, kilichochanganyika na bandari na Busia na mafuta ya breki. Sikutoka milimani na riwaya. Nilitoka na kurasa 38. Zile 140 ziko bado kwenye laptop. Sijazifuta, lakini sizifungui.

Usiku wa mwisho kila mmoja wetu alionyesha kazi yake. Nilisoma siku ya wazazi kwa Kiswahili, na nikawagawia karatasi ya tafsiri. Nilipofika kwenye kubeba hewa hakuna aliyecheka. Walikuwa bado wanatafuta mstari kwenye karatasi. Nikawangoja, nikaendelea.

Nilirekodi usomaji huo nikamtumia Mama. Jibu lake lilifika nikiwa kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege, theluji ikikimbia dirishani. Kwanza alicheka kwa muda mrefu, pale pale palipostahili. Halafu akanyamaza, nikasikia akivuta pumzi.

"Ni yeye," akasema. "Lakini hapo kwa Mariakani umekosea. Umeandika alikuwa ananong'ona juu ya kuogopa mizani. Hakuwa anaogopa mizani. Alikuwa na mimi ndani ya gari, nimelala, na wewe ulikuwa tumboni. Hakutaka niamke."

Nikatoa daftari, nikapasahihisha.